Kabla ya kufungua injini: namna ya kutambua uharibifu ulio ndani

Gari limechemsha njiani, mvuke umefoka chini ya boneti, na fundi aliyeitwa ametoa hukumu kwa kutazama na kusikiliza tu: injini imekufa. Kwa familia inayoishi kwa mapato ya teksi, au kwa mtu aliyeko ughaibuni ambaye ndiye atakayetuma fedha, hukumu hiyo ni nzito.

Hata hivyo, "injini imekufa" si jina la ugonjwa. Neno hilo hubeba maradhi mengi, kuanzia gasketi iliyoungua, ambayo mtu mwenye subira na vifaa anaweza kuibadilisha nyumbani, hadi krenkishafti iliyokwaruzika, ambayo haitengenezeki bila mashine. Tofauti ya gharama baina ya mawili hayo ni kubwa, na vipimo vinavyoyatenganisha si vigumu.

Ni nini huharibika ndani?

Injini ya petroli ina silinda, aghalabu nne, na katika kila silinda pistoni hupanda na kushuka. Hewa na petroli huvutwa ndani, husongwa, huwashwa kwa cheche ya plagi, kisha moshi husukumwa nje. Wakati wa mwako, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini, ambayo hutumika kutengenezea hedi za magari mengi ya leo, huyeyuka katika nyuzi 660. Kinachoinusuru ni maji yanayozunguka ndani ya kuta zake, pamoja na utando mwembamba wa oili.

Kwa hivyo, uharibifu mwingi hutokana na kupungua kwa kimoja kati ya viwili hivyo. Maji yakipungua, hedi hupinda, na gasketi iliyo kati yake na bloku huungua. Oili ikipungua, beringi husagika, na hapo ndipo husemwa kuwa injini imenoki. Sababu nyingine ni kukatika kwa mkanda wa taimingi. Katika baadhi ya injini, pistoni huzigonga vali na kuzipinda.

Dalili zinasema nini?

Moshi mweupe mzito, usiokoma hata injini inapopata joto, na wenye harufu tamutamu, huashiria kwamba kulanti inaingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ama kwa sababu ya ringi zilizochakaa au sili za vali. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na aghalabu hauhusiani na uharibifu wa ndani.

Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni dalili kwamba imechanganyika na maji. Lakini hapa pana mtego. Katika nchi za baridi kama Uingereza, gari linalofanya safari fupi tu huweza kujenga ute mweupe chini ya kifuniko cha oili kutokana na unyevu, ilhali injini ni nzima. Iwapo oili ya kwenye kijiti ni safi na maji hayapungui, hakuna sababu ya kufungua chochote.

Sauti nayo ina maana. Mlio mwepesi wa haraka sehemu ya juu kwa kawaida hutoka kwenye vali. Mgongo mzito wa chini, unaozidi gari linapopanda mlima au kuvuta mzigo, huashiria beringi za mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti. Mgongo huo ukisikika, injini izimwe papo hapo. Dakika chache zaidi za kuendesha zaweza kuharibu krenkishafti, au hata kutoboa bloku.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua

Kipimo cha kwanza ni cha gesi katika maji. Dawa ya buluu huwekwa ndani ya chombo maalumu juu ya mdomo wa rejeta, huku injini ikiwa imewashwa. Kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi tu, kwani maji yaliyo katika mgandamizo huruka na kuunguza vibaya. Dawa ikigeuka manjano, gesi ya mwako inavuja kuingia kwenye maji. Yaani gasketi imeungua, au hedi imepasuka.

Cha pili ni kipimo cha msongo wa silinda. Injini hupashwa joto, umeme wa plagi na petroli hukatwa, plagi zote hutolewa, na geji hufungwa katika tundu la silinda moja baada ya nyingine. Mafuta hukanyagwa hadi mwisho, kisha stata huzungushwa kwa sekunde chache. Injini nyingi za petroli zilizo nzima huonyesha baina ya pauni 150 na 200 kwa kila inchi ya mraba. Lililo muhimu zaidi ni ulinganifu: tofauti baina ya silinda isizidi asilimia 10 hadi 15. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni gasketi katikati yake.

Cha tatu hufuata pale silinda inapoonekana dhaifu. Kijiko kidogo cha oili humiminwa katika tundu la plagi, na kipimo kikarudiwa. Msongo ukipanda, ringi au kuta za silinda zimechakaa. Usipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi.

Geji ya Mombasa na ya Nairobi

Wapo wanaohukumu injini kwa tarakimu moja iliyoandikwa kitabuni, wakasahau mahali walipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini inayoonyesha pauni 180 Mombasa huweza kuonyesha karibu 150 Nairobi, bila ya kuwa na ila yoyote. Ndiyo maana ulinganifu wa silinda huaminika kuliko tarakimu peke yake.

Kazi ya nyumbani na mipaka yake

Kubadilisha gasketi ya hedi nyumbani kunawezekana, mradi pawe na kitabu cha gari husika na spana inayopima nguvu ya kukaza. Bolti hulegezwa kutoka pembeni kuelekea katikati, injini ikiwa imepoa kabisa. Zinaporudishwa hukazwa kwa awamu kutoka katikati kwenda pembeni. Katika baadhi ya injini, bolti za hedi hutumika mara moja tu.

Kabla ya kufunga, rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa hedi, na vibamba vya fila geji hupitishwa chini yake. Kwa injini nyingi ndogo, upindo unaokubalika ni baina ya milimita 0.05 na 0.1. Ukizidi, hedi hupelekwa karakana kusagwa. Kuweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kupoteza fedha mara mbili. Matundu ya bolti nayo yakaushwe, kwani oili au maji yaliyobaki humo yanaweza kuipasua bloku wakati wa kukaza. Oili na filta yake vibadilishwe.

Mpaka uko chini ya bloku. Krenkishafti, beringi na silinda zilizokwaruzika huhitaji maikromita na mashine za kuchonga, na ni kazi ya karakana. Wala gari lisiungurumishwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Je, kununua injini iliyotumika?

Wengi huona njia nyepesi ni injini iliyotumika kutoka Japani au kutoka soko la vipuri la Sharjah, au inayopatikana Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi. Huenda ikawa busara, lakini injini hiyo nayo ipimwe msongo kabla ya kufungwa, kwani yaweza kuwa iliwahi kuchemsha.

Zaidi ya hayo, sababu ya kwanza lazima iondolewe. Rejeta iliyoziba itaiua injini mpya kama ilivyoiua ya zamani. Desturi ya kung'oa thamostati ili gari "lipoe" huficha ugonjwa, huongeza matumizi ya petroli na kuchakaza injini isiyofikia joto lake. Maji matupu, hasa ya visima vyenye chumvi katika mwambao, hula alumini kutoka ndani. Kifuniko cha rejeta nacho si cha kupuuzwa: mgandamizo wake huyafanya maji yachemke karibu na nyuzi 120 badala ya 100, na kikilegea, kinga hiyo hutoweka.

Kwa injini ya silinda nne, basi, kinachotakiwa kabla ya fedha kutolewa ni tarakimu nne za msongo, pamoja na jibu la dawa ya buluu. Mwenye gari aliyeko Muscat au London anaweza kuziuliza kwa simu. Fundi asiyeweza kuzitoa bado hajaipima injini, na haijafika wakati wa kusema kuwa imekufa.