Lau KADU Ingalishinda

Msomaji, ukikaa na wazee wa Longisa jioni huenda ukasikia neno hili: ya kuwa lau KADU ingalishinda uchaguzi wa mwaka 1963, nchi hii ingalikuwa nyingine. Usiwacheke. Mwenye kusoma historia ana ruhusa ya kuuliza "lau", maadamu atabadili jambo moja tu na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Haya, na tujaribu.

Vyama vyote viwili vilizaliwa mwaka 1960. KANU ilikuwa na nguvu zake kwa Wakikuyu na Wajaluo. KADU, ya akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, ilikusanya makabila yaliyoogopa kumezwa. Na kwa Wakipsigis sauti yake ilikuwa Taita arap Toweett. Hofu yao ilihusu ardhi. Mzungu alikuwa akijiandaa kuondoka, na kila mtu alitaka kujua mashamba yake yatamwangukia nani.

Sasa angalia ajabu hii. Mwaka 1961 KANU ilipata viti 19, KADU 11, na kura za KANU zilikuwa karibu mara nne ya kura za KADU. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali maadamu Jomo Kenyatta yu kizuizini, basi Ngala akaongoza serikali kwa msaada wa wajumbe wengine. Aliyeshindwa alitawala! Tena hakutawala bure. Katika mkutano wa London wa mwaka 1962 KADU ilishikilia majimbo mpaka yakaingia katika katiba, na mipaka ikachorwa upya. Kericho, pamoja na Longisa yetu, ilitolewa katika Nyanza ikatiwa katika Bonde la Ufa. Narok nayo ilitoka katika Jimbo la Kusini ikaja huko huko. Hata ukienda Mulot siku hizo ulivuka mpaka wa wilaya tu, si wa jimbo tena.

Ukaja uchaguzi wa Mei 1963. KANU ilipata wabunge 83, KADU 33, na chama cha Paul Ngei kilichojitenga na KANU kikapata 8. Chukua kalamu uhesabu. Hata KADU na Ngei wakiungana ni 41, na ingebidi viti 22 vihame kutoka upande mmoja kwenda wa pili ndipo washinde kwa 63 dhidi ya 61. Vingetoka wapi? Labda kwa Waluhya, ambao kura zao ziligawanyika. Labda kwa Wakamba wote kama wangalimfuata Ngei. Mimi sioni njia ya kuvifikisha 22, lakini kwa ajili ya swali letu tuseme vilifika.

Ngala angalikuwa Waziri Mkuu, na Bonde la Ufa lingaliendelea kuwa na baraza lake na neno lake juu ya ardhi. Mkulima wa Longisa angalifurahi, na haki angalikuwa nayo. Lakini mfikirie pia mchuma chai wa Kericho aliyetoka Kisii au kwa Wajaluo, akaoa na kuzaa penye makampuni ya chai yaliyokuwako tangu miaka ya 1920. Katika jimbo lililoundwa ili wenyeji wasimezwe, yeye angalihesabiwa nani? Si swali la mzaha. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, watu walifukuzwa katika nyumba zao Bonde la Ufa wakiambiwa si kwao.

Tena iko sababu nyingine ya kutilia shaka lile neno la wazee. KADU ilijivunja Novemba 1964 ikaingia KANU. Kenya ikawa jamhuri mwezi uliofuata, na majimbo yakanyang'anywa uwezo wake mmoja baada ya mwingine. Lakini Moi, aliyekuwa Rais wa Jimbo la Bonde la Ufa mwaka 1963, alikuja kuwa Rais wa Kenya yote mwaka 1978, akakaa ikulu miaka 24. Mtu wa KADU hasa, mwenye kiti, mwenye Bunge. Je, aliyarudisha majimbo? La hasha, mamlaka yalizidi kukusanyika Nairobi, na kuanzia mwaka 1982 mpaka 1991 sheria ilikataza chama kingine chochote. Basi mimi nasadiki kwamba Ngala naye, akishaonja madaraka ya Nairobi, angalipata tabu kuyagawa.

Yaliyogawa madaraka ni katiba ya mwaka 2010, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi wote, si kwa ushindi wa chama kimoja. Iliweka kaunti 47, na mwezi Machi 2013 watu wa Bomet walichagua gavana wao wa kwanza. Hospitali ya Longisa ikawa chini ya serikali ya kaunti, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Na mjukuu wa yule mchuma chai, akiandikishwa Kericho, hupiga kura yake Kericho.