Urejeaji na Urejeshaji: Istilahi Mbili za Ardhi Iliyoungua

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka eneo la Whona, mlimani Kilimanjaro, mahali wanapopumzika wapanda mlima na wapagazi wanaotumia njia ya Mandara na Horombo. Askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji walipambana nao siku baada ya siku. Ulipodhibitiwa ulikuwa umekula kilomita za mraba zipatazo 95. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima huohuo uliwaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga.

Habari za moto tunazijua kuziandika. Tuna maneno ya kutosha: moto kichaa, moto wa nyika, mikanda ya kuzuia moto. Mambo huvurugika tunapofika kwenye yale yanayofuata. Ripoti moja itasema urejeshaji wa uoto, nyingine uboreshaji wa mfumo ikolojia, ya tatu ukarabati wa ardhi, ya nne uhuishaji wa misitu. Hata muongo uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, wa kuanzia 2021 hadi 2030, nimeukuta katika Kiswahili ukiitwa mara wa kurejesha, mara wa kuboresha. Neno lililoshika zaidi ni urejeshaji, nalo sasa limebebeshwa mzigo wote, tangu majivu yapoe hadi watu wa eneo hilo wasimame tena kimaisha. Naona mzigo huo umelizidi, kwa sababu linaficha jambo kubwa kuliko yote: ni nani anayefanya kazi.

Kitenzi rejea hakihitaji msaidizi. Kinachorejea hurejea chenyewe. Kikishavikwa kiambishi cha kusababisha kikawa rejesha, papo hapo anaingia mtu wa pili: kuna anayerejesha na kuna kinachorejeshwa. Ndiyo tofauti tuijuayo hospitalini kati ya kupona na kuponya. Daktari husafisha kidonda na kukishona, lakini anayeziba nyama na kuotesha ngozi ni mwili wenyewe. Kwa hiyo ninapendekeza tuwe na istilahi mbili. Urejeaji ni mwendo ambao ardhi, mimea na viumbe vilivyoungua hupitia kwa nguvu zao wenyewe kuelekea kwenye uhai ulio imara. Urejeshaji ni kazi ya watu ya kuusaidia mwendo huo, kuuharakisha, au kuuanzisha pale uliposhindwa kuanza. Zote mbili zitenganishwe na urejelezaji, neno la ukoo huohuo ambalo limekwisha kupewa shughuli za taka.

Anayetaka kuuona urejeaji aende kwenye miombo mvua za kwanza zikinyesha baada ya moto. Juu ya ardhi kila kitu kinaonekana kimekufa. Chini, hali ni tofauti, maana udongo haupitishi joto kwa urahisi, na moto wa nyasi unaopita upesi hupasha joto sentimita chache tu za juu. Mizizi ya miyombo imebaki na akiba yake ya chakula, na machipukizi hutoka kwenye visiki na kwenye mizizi bila kupandwa na mtu yeyote. Majivu nayo yameacha kalisi, potasiamu na fosforasi ambazo mimea michanga inazihitaji, ingawa naitrojeni nyingi imepotelea hewani pamoja na moshi.

Moto ukikaa muda mrefu mahali pamoja, kwa mfano penye gogo kubwa au tabaka nene la majani makavu, mambo hubadilika. Joto huua mbegu na mizizi. Mvuke wa mafuta na nta za mimea hushuka ukaganda kwenye chembe za udongo, udongo ukaanza kukataa maji. Mvua ikija haizami, inateremka na majivu yote hadi mtoni, na rutuba iliyokusudiwa machipukizi inaishia mabondeni. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ina uzito kuliko miaka inayofuata. Katika miezi hiyo msaada unaofaa mara nyingi si mche. Ni kulaza magogo na matawi kukingama na mteremko ili yapunguze kasi ya maji, na kuzuia mifugo isiingie kula machipukizi.

Swali la ni moto wa namna gani ardhi inaweza kuuvumilia lina jibu ambalo limekuwa likiandikwa kwenye ardhi ya Afrika kwa miongo mingi. Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933, maofisa wa misitu waligawa miombo katika viwanja. Baadhi vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Vingine vililindwa visiguswe na moto. Vilivyolindwa vilifunga vikawa msitu mnene. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti karibu yote vikageuka nyasi tupu. Mvua ni ileile, jirani ni walewale, tofauti ni majira ya moto na kurudiarudia kwake. Urejeaji, kwa maneno mengine, unahitaji nafasi ya kupumua. Chipukizi linaloungua kabla halijapata gome nene hulazimika kuanza upya, na akiba ya mizizini ina mwisho.

Mbali na kwetu, katika hifadhi ya Yellowstone nchini Marekani, moto wa 1988 uliunguza karibu hekta 321,000, zaidi ya theluthi ya hifadhi. Msitu huo ulirudi bila kupandwa, kwa kuwa misonobari mingi ya kule ina koni zilizofungwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo huzifungua zimwage mbegu.

Kilimanjaro hakuna bahati hiyo. Ukanda wa juu wa msitu wake umejaa jamii ya Erica, miti ya majani madogo ambayo huchipua tena kisikini, lakini huhitaji miaka mingi kurefuka. Moto unaporudi kabla ya wakati, msitu hugeuka kichaka, na kichaka nacho hushika moto kwa wepesi zaidi. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba tangu 1976 moto umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Msitu ule hukamata ukungu: matone hujikusanya kwenye majani na ndevu za kuvumwani zilizoning'inia matawini, kisha hudondoka ardhini na kulisha chemchemi. Hemp alifikia hitimisho ambalo lingepaswa kujulikana na kila mtoto wa Moshi, kwamba maji yanayopotea kwa kuungua kwa msitu ni mengi kuliko yanayopotea kwa kuyeyuka kwa barafu ya kileleni. Kamera zetu huelekezwa kwenye barafu. Mifongo, yaani mifereji ya Wachaga inayonywesha migomba na kahawa, inategemea zaidi msitu.

Hapo ndipo ardhi na jamii zinapokuwa kitu kimoja, na hapo istilahi zetu mbili zinatufaa tena. Twende Mufindi na Njombe, ambako familia nyingi huweka akiba yao katika shamba la miti. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukiungua, shina huchipua, na mwenye shamba akipunguza machipukizi na kubakiza machache yenye afya, ana mti tena. Msindano uliounguzwa kabisa hauchipui. Mwenye shamba anaanza na mche, na anasubiri miaka mingine kumi au zaidi kabla ya kuuza mbao. Ada za watoto na bati za nyumba zilikuwa ndani ya miti ile. Watu wawili waliounguliwa usiku mmoja, mmoja anahitaji panga na subira, mwingine anahitaji miche na mtaji wa kumvusha. Mpango unaowaita wote waathirika na kuwagawia miche sawasawa unakuwa umemsaidia mmoja na kumbebesha mwingine kazi asiyoihitaji.

Jamii nazo zina urejeaji wake. Msaragambo wa kuchimba upya mfereji, kama wasemavyo Upareni, mikopo ya VICOBA, ndugu kuwapokea watoto wa waliounguliwa: hayo huanza siku ileile, kabla gari la msaada halijafika. Watu wenyewe husema wanajikwamua. Neno hilo lina kiambishi cha kujitendea, na wataalamu wa maafa wangefanya vyema kulichukua kama lilivyo. Urejeshaji wa serikali na mashirika unafaa pale unapokuta kujikwamua kumeanza ukakuongezea nguvu. Unaharibu pale unapowaondoa watu kwenye kazi zao na kuwapanga foleni.

Tanzania imekwisha kuthibitisha kwamba njia hii inalipa, ingawa si baada ya moto. Shinyanga, mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza 1986 haukujenga kila kitu kwa miche. Ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasichungwe kwa msimu, na zaidi ya hekta 300,000 zilipata uoto tena. Dodoma wakulima wanafanya kisiki hai: unachagua kisiki chenye machipukizi, unapogolea, unaacha machache yaliyo imara, unayatia alama na kuyatunza. Kisiki hai ni istilahi bora kuliko nyingi zilizotungwa mezani. Inaeleweka na aliyesoma na asiyesoma, na inamwambia mtu aanzie wapi.

Sisemi kwamba miche haina kazi. Mahali mizizi imekufa, udongo umeondoka na mbegu hazipo karibu, ardhi ikiachwa peke yake itabaki nyasi na magugu, na hapo kupanda ni wajibu. Ombi langu kwa wahariri, kwa watunga sera na kwa kamati za maliasili za vijiji ni kwamba neno urejeshaji lisiandikwe kwenye mpango wowote wa eneo lililoungua kabla watu hawajatembea humo baada ya mvua za kwanza, wakahesabu visiki vilivyochipua, wakajua ni wapi urejeaji unaendelea wenyewe. Fedha za miche zipelekwe kule ambako hapajachipua kitu. Kwingine zilipe walinzi wa moto na watu wa kuzuia mifugo kwa misimu michache.