Ebola ya Beni na Butembo: mbele ya kuandika kwenye TFC, angalia tarehe

Wengi wenu munaandika TFC juu ya Ebola ya kwetu, na karibu yote munaitafuta kwenye telefoni. Si mbaya. Lakini kuna maneno tunasikia sana: eti watu wa Beni na Butembo walikataa kuamini Ebola juu walinyimwa uchaguzi. Na kuna uchunguzi wa kweli ambao ni rahisi kuutumia vibaya kwa kushikilia maneno hayo: ule uliochapishwa katika The Lancet Infectious Diseases.

Tuusome mpaka ndani. Ulitoka mwezi wa 3, 2019. Lakini watu wazima 961 waliulizwa hapa Beni na Butembo mwezi wa 9, 2018. Asilimia 25.5 waliamini kwamba Ebola haiko. Na CENI? Ilitangaza kusogeza uchaguzi wetu tarehe 26/12/2018, ikisema ni juu ya Ebola na usalama. Sasa, jambo la mwezi wa 12 lingeleta namna gani mawazo ya mwezi wa 9?

Kweli, ule uamuzi uliongeza hasira. Kesho yake tu, waandamanaji walivamia kituo cha Ebola huko Beni. Lakini mashaka yalikuwa ya zamani. Tangu mwezi wa 10, 2014, watu wa Beni walikuwa wanachinjwa. Wakati Ebola ilitangazwa tarehe 1/8/2018, magari na pesa vilifika mbio. Watu wakajiuliza: kwa vifo vyetu vya mapanga hawakuja hivi, mbona kwa homa wanakuja?

Hapo intaneti haikudanganya. Makala iko ya kweli, hesabu iko ya kweli. Kinachoharibu ni kushika tarehe ya kuchapisha na kuacha tarehe ya kuuliza watu.

Hata hesabu za wagonjwa ni vile vile. Mwisho, tarehe 25/6/2020, walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Ripoti ya mwaka wa 2019 yenye hesabu ndogo haisemi uongo. Inasema ya siku yake.

Basi, kila chanzo kiulize maswali tatu: nani anasema, alijua namna gani, na alijua lini? Tukiandika kwamba yote yalianza na uchaguzi, tunafuta miaka ine ya vifo. Na ugonjwa ukirudi, watatafuta dawa ya mashaka pahali ambapo hayakuanzia.