Harambee na Pengo la Karo ya Chuo Kikuu

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na vijana 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Kisa hicho husimuliwa kama kazi ya mwanasiasa Mkenya Tom Mboya na rafiki zake wa ng'ambo, na kinastahili kusimuliwa hivyo. Miezi michache kabla yake Mboya alikuwa ameizunguka Marekani akiomba nafasi vyuoni, na watu mashuhuri kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie nauli. Lakini nafasi na nauli hazikumtosha mwanafunzi. Ufadhili wa vyuo vingi ulikuwa wa sehemu tu, na zilibaki pesa za chakula, malazi, vitabu na mavazi ya baridi. Sehemu hiyo ilitafutwa nyumbani. Familia ziliuza mifugo, vijiji vikaandaa karamu za chai na ngoma za kuchangisha, makanisa na vyama vya ukoo vikatoa vilichokuwa nacho. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 na safari zikaendelea. Wangari Maathai alikuwa katika kundi hilo la 1960, akapelekwa chuo cha Mount St. Scholastica huko Atchison, Kansas. Hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo.

Siku hizi, kila barua za kujiunga na vyuo zinapotoka na mkopo wa serikali ukakosa kutosha, historia hii hutolewa kama somo kwa wazazi: wazee wenu walichanga, nanyi changeni. Naamini wanaosema hivyo wameisoma historia nusu. Mchango wa jamii ulifaulu katika miaka ile kwa sababu ulipewa pengo la kuziba, pengo lenye kiasi kinachojulikana na mwisho unaoonekana. Haukuwahi kupewa gharama yenyewe. Ulipokuja kupewa gharama yenyewe, miongo mitatu baadaye, ulilemewa, na kulemewa huko hakukutokana na uchoyo wa watu.

Kuchangia safari au elimu kwa niaba ya wengi hakukuanza na Mboya. Mwaka 1929 wanachama wa Kikuyu Central Association walichangisha pesa za kumpeleka Jomo Kenyatta London kupeleka malalamiko yao ya ardhi. Mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kilifunguliwa chini ya Mbiyu Koinange, kikijengwa kwa michango ambayo marika ya Wakikuyu yaligawana, kila rika likitaka fungu lake lionekane. Chuo hicho kilidumu mpaka serikali ya kikoloni ilipokifunga wakati wa hali ya hatari. Katika visa hivi mchangaji alijua anachangia nini, kiasi gani, na nani atamdai maelezo. Aliyetumwa alirudi na deni. Halikuwa deni la fedha, lilikuwa deni la kazi: alitarajiwa kufundisha, kutibu, kuandika barua za watu, kuwachukua wadogo zake. Deni hilo lilikuwa zito, na wako waliolemewa nalo maisha yao yote. Hata hivyo lilimfanya mchangaji kuwa mshiriki, naye mwanafunzi hakujiona mwombaji.

Wakoloni walikuwa na pingamizi dhidi ya safari za Marekani, na si vyema kulipuuza kwa kuwa tu lilitoka kwao. Walisema vyuo vya Marekani ni duni vikilinganishwa na Makerere, ambayo wakati huo ndiyo pekee iliyokuwa ikifundisha hadi shahada katika Afrika Mashariki yote, na kwamba ni kosa kumsafirisha kijana maelfu ya maili bila pesa za kumtosha hadi amalize. Hoja ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, maana Makerere haikuwa na nafasi za kutosha kwa vijana waliohitimu. Hoja ya pili ilikuwa na ukweli. Wanafunzi wengi walifika na pesa chache, wakaosha vyombo hotelini na kufanya vibarua vya likizo ili wasifukuzwe vyumbani. Lakini pima upande wa pili. Uhuru ulikuja Desemba 1963. Kama vijana wale wangesubiri ufadhili kamili, nchi ingeingia katika uhuru na wasomi wachache mno wa kushika ofisi, madarasa na maabara. Mboya aliona kwamba kuanza na upungufu ni afadhali kuliko kutoanza. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu upungufu ulihesabika: kijana mwenye nafasi chuoni, tikiti ya ndege na fungu la ada lililokwisha kulipwa alikuwa amebakiwa na umbali ambao kijiji kingeweza kumsindikiza.

Baada ya uhuru mzigo ulihama. Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, nguvu za wananchi ziliingia zaidi katika kujenga shule za sekondari na zahanati, na katika miaka ya 1970 taasisi za ufundi. Chuo kikuu kilikuwa cha serikali: masomo bila ada, na mwanafunzi akapewa posho. Mwaka 1974 posho iligeuzwa mkopo, ila mafunzo yenyewe yalibaki bure. Mkopo ule ulikuwa na kasoro kubwa, kwani hapakuwa na sheria madhubuti ya kuudai, na waliohitimu wengi hawakuulipa. Hata hivyo mtoto wa mkulima aliyefaulu mtihani aliweza kumaliza shahada pasipo babake kuuza shamba. Hiki ndicho kipindi kinachosahaulika tunapowasifu wazee kwa kuchanga. Katika miaka ambayo Kenya ilisomesha wataalamu wake wa kwanza kwa wingi nchini mwake, chuo kikuu hakikutegemea bakuli la mchango.

Mambo yalibadilika ghafla. Mwaka 1990 kundi la kwanza la mfumo wa elimu wa 8-4-4 liliingia vyuo vikuu, idadi ikaruka, huku serikali ikibanwa na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa. Mwaka 1991 wanafunzi walitakiwa kulipa ada na kujinunulia chakula, na migomo ikafuata. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya 1995. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua masomo sambamba kwa wanaojilipia wenyewe ada yote. Kwa miaka mingi mkopo wa bodi ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, kiwango kilichotokana na uwezo wa Hazina. Bei za vyumba na chakula hazikuuliziwa. Kadi za mchango zikarudi vijijini, safari hii zikiwa na mgeni wa heshima, kipaza sauti na jogoo wa kupigwa mnada. Baadaye, M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango ukahamia katika simu.

Hapa kuna pingamizi zito zaidi. Watu husema harambee iliharibiwa na wanasiasa, na kwamba ikisafishwa itarudi kufanya kazi yake. Ni kweli iliharibiwa. Uchunguzi wa tawi la Kenya la Transparency International mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha michango ya hadhara ikifura karibu na uchaguzi, na mwaka 2003 sheria ya maadili ya maafisa wa umma iliwawekea mipaka. Lakini usafi peke yake hauongezi pesa. Mwaka 1960 ukoo ulikuwa na kijana mmoja wa kusindikiza, pengine hata huyo mmoja hakuwapo. Leo mlango mmoja unaweza kuwa na watatu vyuoni kwa wakati mmoja, na majirani wote wanaoombwa wana wao pia. Mtu akitoa shilingi 500 kwa mtoto wa jirani na jirani akairudisha kwa wake, hakuna pesa mpya iliyoingia kijijini. Wengine husema basi mkopo ndio heshima, kila mtu ajilipie. Nakubali kwamba mkopo humwondolea kijana fedheha ya kuomba. Ila mkopo usiofika nusu ya gharama humwachia madeni mawili: la bodi, na lile la watu waliomalizia.

Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulitangaza gharama halisi ya kila kozi, udaktari ukapita shilingi nusu milioni kwa mwaka, kisha ukawagawa wanafunzi katika makundi kulingana na uhitaji wa familia. Kutangaza bei ilikuwa hatua njema. Kwa mara ya kwanza mzazi aliona jumla yote. Malalamiko yalizuka kwenye mgawanyo: watoto wa vibarua walijikuta katika kundi la wenye uwezo, na ilibidi kukata rufaa wakati muhula umeshaanza. Kamati ya mchango ya zamani ilikuwa na upendeleo wake, lakini ilijua boma lipi lina ng'ombe na lipi halina. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufaa. Lolote litakalowekwa mahali pake litahitaji kumjulisha mwanafunzi kiasi kitakachobaki, kwa miaka yote ya kozi, kabla hajaripoti chuoni. Familia zilizouza ng'ombe mwaka 1959 zilikuwa na taarifa hiyo mkononi siku ya kumpeleka mnyama sokoni.