Kutoka Manowari Hadi Kariakoo: Vita vya 1914–1918 Katika Ufuo wa Kisumu

1. Utangulizi

Nia ya makala haya ni kuuchunguza upande mmoja wa historia ya vita ambao, kwa maoni yetu, umepewa nafasi ndogo kuliko unavyostahili. Taaluma ya historia ya vita imezoea kuuliza maswali matatu: nani aliamuru, wapi walipigana, na nani alishinda. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia, kama vilivyowafikia watu wa ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, havieleweki kwa maswali hayo peke yake. Pana swali la nne, nalo ni hili: nani aliubeba mzigo? Tutajaribu kuonyesha kwamba maneno machache ya Kiswahili yaliyozaliwa au kuenea wakati huo ni ushahidi unaosaidia kulijibu swali hilo, ingawa ushahidi huo nao una mipaka yake.

2. Mapigano ya Ziwani

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ulioitwa Port Florence wakati huo, mwezi Desemba 1901. Tangu hapo vipande vya meli viliweza kuletwa kwa gari moshi na kuunganishwa bandarini. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Waingereza walikuwa na meli kadhaa ziwani, miongoni mwazo Winifred na Kavirondo. Wajerumani, waliokuwa na makao yao Mwanza, walikuwa na chombo kidogo kilichoitwa Muansa. Meli hizo za biashara zilitiwa mizinga, zikawa manowari.

Tarehe 11 Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kiliuteka mji wa Kisii. Kesho yake askari wa King's African Rifles wakakishambulia. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza, aliuawa katika mapigano hayo, na Wajerumani wakauacha mji. Siku hiyohiyo Winifred ilijaribu kushusha askari Karungu, ikafukuzwa na Muansa. Siku chache baadaye ilirudi pamoja na Kavirondo, na Karungu ikarejea mikononi mwa Waingereza. Mwezi Juni 1915 jeshi la watu wapatao 1,500, chini ya Jenerali Stewart, lilipakiwa melini Kisumu likavuka ziwa hadi Bukoba. Baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 22 na 23, lilivunja mtambo wa simu ya upepo, likarudi lilikotoka. Mwanza yenyewe ilitekwa Julai 1916.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa mara nyingi, na ni kweli. Lakini yachunguzwe kwa macho ya wenyeji. Wagusii walikuwa wamekwisha kuwajua askari wa serikali katika misafara ya adhabu ya 1905 na 1908. Huu wa pili ulifuata tukio la Januari 1908, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Northcote. Serikali ilipoondoka Kisii mwaka 1914, wenyeji wengi waliziingia ofisi na misheni na kuzipora, nao wakaadhibiwa tena. Kwa hiyo tarehe ileile ambayo kwa mwandishi wa vita ni siku ya kuukomboa mji, kwa Mgusii ilikuwa siku chache za kupumua kati ya adhabu na adhabu.

3. Meli na Bega

Ni muhimu kutambua kwamba vita vya ziwani vilihitaji wapagazi wachache kwa kulinganisha na vita vya bara. Meli hubeba shehena nyingi wala haili chakula inachokibeba. Bega la mwanadamu ni jambo jingine. Katika sehemu kubwa ya Tanganyika mbung'o waliua ng'ombe, punda na farasi wa jeshi, na barabara za magari zilikuwa chache. Ikabidi watu wabebe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mpagazi amebeba ratili 50 za unga, naye mwenyewe anakula ratili 2 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula ratili 40 njiani. Askari aliyeko mbele atapata ratili 10 tu. Kila vita viliposogea kusini, kuelekea Rufiji na kuvuka, hesabu hiyo ilizidi kuwa mbaya, na dawa pekee waliyoiona wakuu ilikuwa kuongeza wapagazi.

Hapo ndipo Kisumu inaporudi katika habari hii. Jimbo la Nyanza lilikuwa na watu wengi, na reli ilikuwa mlangoni. Vijana wa Kijaluo, Kiluhya na Kigusii walikusanywa kwa mikono ya machifu, wakapelekwa kwa gari moshi hadi Nairobi na pwani. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hilo, alikabidhiwa kazi ya kusimamia uandikishaji mkubwa wa lazima katika nchi nzima. Adui mkubwa wa watu hao hakuwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, na unga usioiva vizuri kwa sababu ya uhaba wa muda na kuni. Makadirio ya wapagazi wa Kenya waliokufa yanazidi 40,000. Wengi hawakuzikwa penye alama yoyote, na mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa zao.

4. Ushahidi wa Maneno

Sasa tuyatazame maneno matatu. La kwanza ni manowari, ambalo Kiswahili cha pwani kilikuwa kimelipata kwa Waingereza kabla ya vita hivi. Ni neno la mtu anayetazama chombo kutoka ufuoni: linataja nguvu, halitaji waliomo. La pili ni keya, linalotokana na herufi K.A.R. zikisomwa Kiingereza. Neno hili limeingia pia katika Kijaluo, nalo humtaja askari kwa kikosi chake. Aliyekuwa keya alikuwa na namba, bunduki, mshahara na jina katika daftari.

La tatu ni kariakoo, kutoka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, yaani Carrier Corps. Kiswahili kilikuwa tayari na neno mpagazi, na hamali pia. Kwa nini basi lilihitajika jipya? Maelezo yetu ni kwamba mpagazi wa misafara ya zamani alipatana ujira na kuchukua mzigo kama kazi, hata kama kazi hiyo ilikuwa ngumu. Aliyetwaliwa 1917 hakupatana na mtu. Hali yake ilikuwa mpya, na wasemaji waliitenga kwa jina jipya. Katika jambo hili lugha ilikuwa sahihi kuliko taarifa nyingi za ofisi, zilizoendelea kuwahesabu watu hao kama wafuasi wa jeshi.

Lakini tusizidishe. Neno huhifadhi, na neno hufukia. Kariakoo ya Dar es Salaam ni soko linalojulikana kila mahali, na Kariokor ya Nairobi ni mtaa. Majina yote mawili yalitokana na kambi za wapagazi. Mnunuzi aendaye huko hafikirii marehemu. Sanamu za ukumbusho zinaonyesha tofauti hiyohiyo: ya Nairobi, iliyosimamishwa 1928, imempa mpagazi nafasi kando ya askari, hali ile ya Dar es Salaam inamwonyesha askari peke yake.

5. Hitimisho

Madai yetu ni haya. Mapigano ya ufuo wa Kisumu yalihesabika kwa siku. Ubebaji ulihesabika kwa miaka, na ndio ulioua watu wengi zaidi. Waliorudi hawakurudi walivyoondoka. Kipande chenye alama za vidole kilianza kutumika kati ya 1919 na 1920, na Desemba 1921 wananchi walikusanyika Lundha, Gem, kulalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Si rahisi kuieleza sauti ya mkutano huo bila kuwataja wapagazi.

Walioshuhudia vita hivyo wamekwisha kufa. Kilichobaki ni majina ya watu na ya mahali, misemo ya nyumbani, na masimulizi ya wajukuu, katika Kijaluo, Kiluhya, Ekegusii na Kiswahili. Kazi ya kuyakusanya si ya idara za historia peke yake. Mwanaisimu anayeandika asili ya neno kariakoo katika kamusi, akaishia kusema kwamba ni neno la mkopo, ameitimiza nusu ya wajibu wake. Nusu ya pili ni kueleza nani aliitwa hivyo, alitoka wapi, na kwa nini hakurudi.