Maneno Mawili ya Kiingereza Yaelezayo Wasiwasi

Nalipokuwa mwalimu kijana, mzee mmoja aliniletea barua nimsomee. Ilitoka kwa jirani yake, mwenye shamba la kondoo, asiyejua Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na neno worry, likitajwa juu ya mbwa wa mzee na kondoo wa jirani. Nami, kwa kuwa nalijua maana moja tu ya neno hilo, nikamfasiria hivi: "Mzee, jirani yako asema mbwa wako anawahangaikia kondoo zake." Mzee akacheka, akasema, "Kumbe mbwa wangu ana huruma kama mchungaji, mwanangu!" Akaenda zake, asimfunge mbwa. Siku ya nne mbwa yule akapigwa risasi. Barua ilikuwa onyo, nami naliigeuza kuwa sifa.

Tangu siku hiyo nalitaka kujua asili ya neno lile, na ya ndugu yake fret. Kwa maana yote mawili hufasiriwa kuwa kuwa na wasiwasi, wala hayakuanza hivyo.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, neno worry lilikuwa wyrgan, maana yake kunyonga. Wajerumani wanalo neno la ukoo huo hata leo, würgen, lenye maana ile ile ya kukaba koo. Baadaye likatumika kwa mbwa na mbwa mwitu wakamatao kondoo kooni na kuwararua. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilieleza kuwa ni kurarua kama mnyama araruavyo windo lake, na tena kumwudhi mtu kwa ukali. Ni katika karne ya 19 ndipo lilipoenea kwa maana ya mtu kujisumbua moyoni. Lakini maana ya zamani haikufa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 ya kuwalinda mifugo na mbwa ililitumia neno hilo hilo kwa mbwa awashambuliaye au awafukuzaye mifugo katika shamba.

Neno fret lina asili nyingine. Zamani lilikuwa fretan, yaani kula hata kumaliza. Katika utenzi wa kale wa Waingereza uitwao Beowulf, hilo ndilo neno lielezalo jinsi zimwi Grendel alivyowala watu kumi na watano wa Wadeni walipokuwa wamelala. Wajerumani nao wanatenga maneno mawili: essen ni kula kwa mwanadamu, na fressen, ndugu wa fret, ni kula kwa mnyama. Kisha Waingereza wakalitumia kwa vitu vilavyo polepole: nondo katika nguo, kutu katika chuma, mto unaokula kingo zake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo katika Walawi 13, kwa pigo linalokula vazi. Inalo tena mwanzoni mwa Zaburi 37, ambapo mtu aonywa asiuache moyo wake uchomwe kwa ajili ya watenda mabaya. Hata leo husemwa juu ya mtoto anayelialia bila kutulia.

Basi tofauti yao ni hii. La kwanza ni meno yajayo kutoka nje na kukamata kooni. La pili ni mdudu aliye ndani, atafunaye kidogo kidogo. Mtu aweza kumtenda mwenzake la kwanza. La pili kwa kawaida hujitenda mwenyewe.

Na lugha yetu je? Sisi tunalo neno wasiwasi, tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao ni mnong'ono, hasa mnong'ono wa Shetani. Mwingereza aliona meno, Mwarabu alisikia sauti. Tena Kiswahili hutenganisha kwa mkia wa neno: asumbuaye ni mmoja, asumbukaye ni mwingine. Kiingereza huwatia wote wawili katika worry moja, na msomaji hana budi kutazama maneno yaliyo jirani ili amjue mtenda na mtendwa. Hapo ndipo nalipojikwaa: nalimfanya mbwa kuwa mwenye kusumbuka, naye ndiye aliyekuwa akirarua.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu. Mwanafunzi akikutana na neno la kigeni alijualo, asifurahi upesi. Na aulize kwanza: ni nani atendaye, na ni nani atendwaye? Neno usilolijua hukupeleka kwenye kamusi. Bali neno unalodhani walijua hukupeleka kwa mzee na habari ya uongo. Yule mzee hakunilaumu hata mara moja, wala hakuniletea barua nyingine.