Kabla ya Kumwita Mrithi

Shuleni kulikuwa na neno moja tuliloliogopa: imla. Mwalimu anasoma kwa sauti, darasa zima limeinama linaandika, na aliyekosa herufi anajua kitakachomfika. Ukubwani nikalikuta neno lilelile kwenye habari za dunia: utawala wa kiimla. Wengi siku hizi huandika udikteta, na si kosa, ila kwangu imla ina picha. Mtazame Kim Jong Un, kiongozi wa Korea Kaskazini, akizuru kiwanda au shamba: nyuma yake wamepangana majenerali na vigogo wa chama, watu wazima, kila mmoja na kijidaftari chake, wananukuu.

Sasa mwalimu wa darasa kama hilo akiugua, walio nje ya ukuta watajuaje? Kiswahili kinatupa ngazi nzima: fununu, minong'ono, tetesi, uvumi. Magazeti yetu huyachanganya hayo mawili ya mwisho. Mimi huyatenga, kwa sababu uvumi umetokana na kuvuma, kama upepo au ngoma. Hauna mdomo unaoweza kuuonyesha kidole. Novemba 1986 Korea Kusini ilitangaza kwamba vipaza sauti vya Kaskazini, huko mpakani, vilisema Kim Il Sung, mwasisi wa nchi hiyo na babu wa Kim Jong Un, ameuawa kwa risasi. Huo ulivuma kwelikweli. Tarehe 18 mwenyewe alikuwa uwanja wa ndege wa Pyongyang, mzima, akimpokea kiongozi wa Mongolia. Aprili 2020 zikaja tetesi: Kim Jong Un hakuonekana kwenye sikukuu ya kuzaliwa babu yake, ikasemwa kapasuliwa moyo, wengine wakaanza na matanga. Mei mosi akakata utepe kwenye kiwanda cha mbolea, Sunchon. Lakini baba yake, Kim Jong Il, alipofariki kweli, tarehe 17 Desemba 2011, siku mbili zilipita dunia haina hata fununu, mpaka mtangazaji Ri Chun Hee alipojitokeza na vazi jeusi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Korea Kaskazini, lililosemwa halikuwapo, na lililokuwapo halikusemwa.

Neno linalonikera ni mrithi. Waandishi wetu humwita hivyo yeyote anayekalia kiti baada ya mwingine, awe kakipata kwa kura au kaachiwa na baba. Pyongyang wenyewe walilionea haya. Kamusi yao ya istilahi za siasa ya 1970 ilieleza kurithishana madaraka kuwa mila ya kurudisha watu nyuma, ya jamii za kinyonyaji. Toleo la 1972 likatoka bila kidahizo hicho. (Mtunga kamusi yeyote anajua vidahizo havidondoki vyenyewe.) Kisha katikati ya miaka ya 1970 magazeti yakaanza kusifu kazi za "Kitovu cha Chama". Kitovu hicho kilikuwa Kim Jong Il. Kwa sarufi yetu ningesema mtu alihamishwa kutoka ngeli ya A-WA akafichwa kwenye KI-VI, hadi mkutano mkuu wa chama wa 1980 ulipomtoa hadharani. Na hata hivyo urais hakuurithi: katiba ya 1998 ilimwachia marehemu baba yake, Rais wa Milele, na yeye akatawala kama mwenyekiti wa Tume ya Ulinzi ya Taifa.

Leo macho yako kwa binti wa Kim Jong Un, na wachunguzi wanahesabu vivumishi. Novemba 2022, alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kando ya kombora, vyombo vya dola vilimwita "mpendwa". Februari 2023 akawa "mheshimiwa". Msemaji wa Kiswahili hahitaji jasusi kumweleza umbali huo: mpendwa huandikiwa barua, mheshimiwa husimamiwa anapoingia. Machi 2024, baada ya ziara ya baba na binti kwenye shamba la mboga, habari ya dola ikawataja watoa mwongozo, kwa wingi. Kwetu tofauti hiyo ni silabi moja tu, m- kuwa wa-, lakini Seoul waliijadili kwa siku kadhaa.

Nami sibishi kwamba huenda ndiye. Ila katika mirathi tuliyoizoea, mtu aliye hai ana watoto. Warithi huwapata akishazikwa. Kwa hiyo ndugu wahariri, andikeni "binti yake", na ikibidi sana "anayetajwa kurithi". Hata jina lake, Ju Ae, tulilipata 2013 kwa Dennis Rodman, mcheza kikapu wa zamani wa Marekani aliyealikwa kwao. Vyombo vya dola, katika vivumishi vyote hivyo, havikulitaja.